Samaki wa Matanga

Samaki trauti alikuwa amekwisha kupanda juu, mdomo wazi, nusu shubiri tu kutoka kwenye nzi wa bandia wa manyoya aliyeficha ndoana, pale bonde zima lilipopasuka.

Panah Wali hakuusikia mlipuko kwanza, aliuona. Maji ya mto Zhorgol, ambayo vuli huyaangaza hata kokoto za chini zikaonekana moja moja, yalitetemeka kama ngozi ya ngoma, kisha yakageuka matope. Ndipo sauti ikafika, ikampiga kifuani. Juu yake, kwenye ukuta wa genge, mwamba mmoja ulijitikisa, ukawaita wenzake, na ubavu mzima wa mlima ukaporomoka. Alijitupa nyuma ya jabali, akajifunika kichwa kwa mikono. Alipoinuka, vumbi lilikuwa limeziba jua, na ile njia aliyopanda nayo asubuhi haikuwapo. Daraja la magogo pia halikuwapo. Pale palipokuwa na genge lenye njia, palikuwa na mlima mpya, na mto ukitafuta namna ya kuupenya.

Halafu samaki wakaanza kupita.

Walipita matumbo juu. Wakubwa walikuwamo, wa kati walikuwamo, na wale wadogo wa urefu wa kidole, ambao hata paka angeona haya kuwala. Trauti wake naye alipita, yule aliyemvizia tangu majani ya mierebi yalipoanza kugeuka manjano. Jicho moja lilikuwa limetoka nje. Panah Wali alitema mate.

"Baruti," alisema, kama mtu anayetaja jina la ugonjwa.

Naye alijua ni nani. Kule Mulghari, kijijini kwao, wengi walikula samaki wa baruti huku macho yao yakitazama pembeni, lakini aliyejisifu kuwavua alikuwa mmoja: Bulbul Shah. Mama yake Panah alikufa siku ya kumzaa. Aliyemchukua ni Khonza, mama yake Bulbul, akawaweka mmoja ziwa la kulia na mwingine la kushoto. Walikuwa ndugu wa kunyonya. Kiangazi chote hawakusemezana, kwa sababu ya huo huo mto. Lakini watu wa bonde lile husema damu huweza kukanana. Maziwa hayana talaka. Panah Wali alikunja ufito wake wa kuvulia, akautia mgongoni, akapanda mbio kufuata harufu ya kiberiti huku akitukana kila hatua.

Alimkuta ameketi, ameegemea mwamba, anautazama mkono wake wa kulia kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Vidole vitatu havikuwapo. Dole gumba lilining'inia kwa ngozi.

"Panah," alisema Bulbul kwa upole wa ajabu. "Utambi ulikuwa mfupi."

"Akili yako ilikuwa fupi zaidi. Ulikuwa na nani?"

"Jamsher. Alikuwa chini kule, ng'ambo ya pili, anasubiri kuokota. Alikimbia. Nimeona kisogo chake tu."

"Inua mkono."

"Upi?"

"Huo ulioubakiza nusu, mbwa wewe!"

Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Panah Wali hakuwa na kamba. Alikuwa na mshipi wake mnene wa kurushia, wa rangi ya siagi, aliouagiza mjini Gilgit na kuungoja miezi. Aliukata bila kufikiri, akauzungusha juu ya kiwiko, akapitisha kijiti, akasokota mpaka damu ikakoma na Bulbul akalia kama mbuzi. Harufu ilimpanda puani: kiberiti, damu, utelezi wa samaki. Ilibidi ageuze uso avute hewa.

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kilele tangu asubuhi, kama kunguru juu ya mzoga. Sasa yaliteremka, na chembe za kwanza za theluji zikaja zikikatiza upande.

"Tushuke," alisema Bulbul.

"Njia umeizika. Daraja umelizika. Tunapanda mpaka kibanda cha wachungaji. Alfajiri tunavuka kule uwandani, mto unakogawanyika, tunashuka kwa ng'ambo ya pili."

"Siwezi kutembea."

"Kwani unatembea kwa mkono?"

Walipanda. Theluji ilikuwa ya majimaji, ya vuli, ile inayoingia shingoni na kuyeyuka. Bulbul alitembea kadiri alivyoweza, kisha akaanza kupiga magoti, kisha Panah akambeba mgongoni kama gunia la unga. Joho la sufu la Bulbul lilikuwa limejaa magamba ya samaki. Kila alipotikisika, magamba yalimwangukia Panah kwenye shavu. Panah aliyafuta, yakaja mengine. Alijiambia kwamba angekuwa amembeba nguruwe angeona heri.

Na yule aliyebebwa, kwa maumivu au kwa ukaidi, akaanza kumwimbia sikioni:

"Panah bwana wa manyoya,
mtoni kutwa wakaa,
samaki wakukimbia,
nyumbani walala njaa."

"Imba tena nikutupe."

"Hutupi. Mama atakuuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma. Hakuwa amembeba Bulbul. Alikuwa amembeba mtoto wa Khonza. Akifika kwake bila mtu huyu, au na maiti yake, atasimamaje mlangoni? Mwanamke yule angemfariji, angempa mkate, na macho yake yangekuwa yanatafuta mgongoni kwa Panah. Akakaza mkono kwenye mapaja ya ndugu yake, akaendelea.

Kibanda cha wachungaji kilikuwa kitupu, kama vibanda vyote vya malisho ya juu wakati ule. Mifugo ilikwisha kuteremshwa. Lakini mchungaji hashuki akaacha kibanda kikavu. Huacha fungu la mchelewaji: unga katika kopo, chumvi, kuni za mti wa mreteni zilizopangwa ukutani, na nyasi za kulalia. Hajui nani atakuja. Huenda ni adui yake. Anayelitumia hulirudisha kiangazi kijacho, na asiyelirudisha hana jina tena. Panah Wali alikuwa ameliwazia fungu lile njia nzima. Aliusukuma mlango kwa bega, akamtua Bulbul, akainua bapa la jiwe lililofunika fungu.

Kopo halikuwa na unga. Ndani yake mlikuwa na vichwa vya samaki, vimeota ukungu.

Macho yalipozoea giza, akaviona vingine. Matumbo ya samaki yaliyokaushwa na upepo yalikuwa yamenata kwenye nguzo. Kuni hazikuwapo hata kipande. Kwenye kona, juu ya nyasi za kulalia, mtu alikuwa amejisaidia. Hakujisaidia nje, kwenye mlima wote ule wa Mungu. Alijisaidia ndani, juu ya kitanda cha mtu asiyemjua.

Panah Wali alisimama.

"Nani?" aliuliza.

Bulbul aliangalia dari.

"Nakuuliza, Bulbul. Nani?"

"Tulikuwa wengi. Ilikuwa baridi usiku ule. Tulidhani mwaka huu hakuna atakayepita tena."

"Na wewe umepita."

Panah alikusanya nyasi zile kwa jiwe bapa, akazitupa nje, akarudi akazoa matumbo kwa mikono, akasugua mikono kwa theluji mpaka ikawaka moto, na bado aliihisi ni michafu. Alilegeza mshipi kwenye mkono wa Bulbul. Damu ilijaa polepole, haikuruka. Akauosha, akaufunga kwa kitambaa cha shingo yake. Dole gumba lilibaki ndani ya kitambaa kwa sababu hakujua alifanye nini.

"Una kiberiti?"

"Mvuvi wa baruti akose kiberiti?"

Kulikuwa na kiberiti na hakukuwa na kuni. Panah Wali aliutazama mlango. Ulikuwa wa mreteni, umechongwa maua pembeni na babu wa mtu fulani. Aliung'oa bawabani, akaupasua kwa mawe, akauwasha. Alifanya haraka, ili asijipe nafasi ya kuona haya.

Bulbul alikuwa anatetemeka, midomo imegeuka buluu. Alikuwa amemwaga damu nyingi na hakuwa na kitu tumboni tangu jana. Mtu aliye hivyo halali akaamka. Panah alikwisha kuwaona. Chakula kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na ndicho alichokuwa akikwepa kukifikiria.

Nyuma ya kibanda kulipita kijito cha chemchemi, kisichoganda. Humo ndimo trauti wa Zhorgol hupanda kila vuli kutaga. Jike huchimba kiota kwenye kokoto kwa mkia wake, dume huzunguka kufukuza wezi. Tangu alipojifunza kushika ufito, Panah Wali hakuwahi kurusha ndoana pale wakati kama ule. Alikwisha kuwapiga watu kwa sababu ya kijito kile. Mmoja alikuwa Bulbul.

Akauunga ufito. Akatoa kipande cha mshipi kilichobaki, akafunga nzi mdogo mweusi wa manyoya ya jogoo na nywele za mbuzi-mwitu, kazi ya mikono yake mwenyewe. Mwanga ulikuwa unakufa. Jike alionekana wazi, mnene, madoa mekundu ubavuni, amekaa juu ya kiota kama kuku. Panah alirusha. Nzi alitua kwa unyenyekevu, akapita mbele ya pua yake. Jike hakumgusa. Akarusha tena. Akabadilisha nzi, vidole vilikuwa miti, fundo lilimchukua muda mrefu. Akarusha.

"Unamtongoza au unamvua?" Bulbul alipaza sauti kutoka mlangoni pasipo mlango. "Mshike kwa mkono, mtu wewe! Yuko hapo!"

"Nyamaza!"

"Nanyamaza, nakufa!"

Samaki anayetaga hali. Panah Wali alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika bonde lile. Alilijua, na bado alirusha, kwa kuwa maadamu nzi yuko hewani aliweza kujiambia kwamba anavua. Aligeuka, akaona meno ya ndugu yake yakigongana mbele ya moto wa mlango wa watu. Akauweka ufito juu ya theluji.

Alilala kifudifudi ukingoni, akapitisha mkono chini ya maji mpaka begani. Maji yaliuma kama mbwa. Vidole vikagusa tumbo. Jike hakukimbia, aliegemea kwenye kiganja, kwa imani, kama ndama. Panah akakaza, akamtupa juu. Mayai yakamwagika, ya rangi ya machungwa, yakamtiririka kwenye kifundo mpaka ndani ya mkono wa shati. Akampiga kichwa kwa jiwe, mara moja, halafu tena, kwa kuwa mara ya kwanza hakupiga vizuri.

Kule majini dume alibaki anazunguka kiota.

Bulbul alipoona mikono ya Panah, alicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. "Haya, ndugu yangu. Karibu kwenye ukoo."

Walimchoma juu ya makaa ya mlango. Bulbul alikula mayai yakiwa mabichi. Yakamnata kwenye sharubu, akayalamba. Kisha Panah naye alikula, na hapo ndipo palipokuwa na uchafu wenyewe: ilikuwa tamu. Alikula mpaka ngozi. Alinyonya miiba. Alipomaliza alijikuta anaangalia kijito, akiwaza kama dume naye ana mafuta.

Palipopambazuka walikuwa uwandani. Alfajiri mto huwa mdogo, barafu ya juu haijaanza kuyeyuka, na anayetaka kuvuka huvuka wakati huo au havuki. Hapo Zhorgol huwa mikono mingi ya maji ya kijivu. Panah alikata fimbo ya mwerebi, akamshika Bulbul kiunoni. Homa ilikuwa imempanda. Macho yake yaling'aa.

"Usipite hapo," alisema Bulbul.

"Hapo ni kina kifupi. Tazama maji yanavyokunjamana."

"Maji yanakudanganya. Kuna shimo. Nilitupa baruti mbili humo wakati wa kuanika matunda ya aprikoti. Samaki wanazama kwanza kabla ya kuelea, niliwaona wanavyozama. Linameza mtu na kofia."

"Na pale?"

"Pale changarawe. Magoti tu. Hapana samaki, kwa hiyo sikuwahi kupoteza baruti."

Panah Wali aliusoma mto ule kwa miaka, kwa jicho na kwa unyoya, akiupenda. Huyu aliusoma kwa kuupasua tumbo. Kwamba amsikilize yeye? Akapiga hatua pale alipoona yeye.

Chini hakukuwa na chini. Maji yalimfunga shingoni, yakamwondoa miguu, fimbo ikaenda zake. Baridi ilimnyang'anya pumzi hata hakuweza kupiga kelele. Akahisi amevutwa nyuma, akakabwa na kola yake mwenyewe, akadhani ni jiwe limemnasa. Alikuwa Bulbul. Mkono wake mzima ulikuwa umekumbatia gogo lililokwama; mwingine haukuwa na cha kushikia; basi alikuwa amemshika Panah kwa meno. Alimvuta kola kwa meno kama paka anavyobeba kitoto, akivuta pumzi kwa pua, makamasi na mate yakimtiririka Panah shingoni, mpaka magoti ya Panah yakagusa kokoto.

Walilala ukingoni wakihema. Bulbul alitema nyuzi za sufu.

"Shati lako linanuka samaki," alisema.

Walivuka pale pa changarawe. Magoti tu.

Siku nzima walishuka kwa njia ya mbuzi ya ng'ambo ya pili. Hawakusema mengi. "Maji?" "Kunywa, usikae." "Mkono?" "Unapiga kama ngoma." "Unausikia, ni vizuri." Theluji ilikoma. Penye mteremko mkali Panah alitangulia, Bulbul akamshukia mabegani. Mchana ulipoanza kulegea waliona mierebi ya Mulghari, manjano tupu, na paa la nyumba ya Khonza.

Nyumba zote zilifuka moshi isipokuwa hiyo. Mbele ya mlango wake kulikuwa na lundo la viatu.

Panah alisimama. Nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu. Majirani hupika na kuleta. Alielewa hata kabla ya Bulbul. Jamsher alikuwa amefika.

Halafu upepo ukaleta harufu: samaki, wamekaangwa kwa mafuta ya aprikoti. Mate yakamjaa mdomoni, na aliyachukia.

Ndani kulijaa watu. Kitambaa kilikuwa kimetandikwa kati ya nguzo, na juu yake masinia ya trauti, wakubwa chini na wadogo wa kidole juu, wakavu kama njugu. Samaki walikuwa wameshuka na mto tangu jana na kukwama kwenye mfereji wa kinu cha maji. Kijiji kizima kiliokota kwa vikapu, na hakuna aliyeuliza mto umepatwa na nini. Jamsher aliketi mahali pa heshima, mdomo umejaa, akisimulia.

"...mlima ukaanguka, jamani, naye alikuwa anamfuata mbuzi wa yatima. Nilimwambia, Bulbul, acha! Akasema, siwezi, ni mbuzi wa yatima..."

"Kula, Khonza," mwanamke mmoja alikuwa akimbembeleza. "Kula mama, upate nguvu ya kulia."

Khonza, mdogo wa umbo, mgongo umepinda, alikuwa na kipande cha samaki kati ya vidole. Ndiye aliyewaona kwanza, wamesimama mlangoni, wameshikana, wachafu kama waliofukuliwa. Hakupiga kelele. Wengine ndio waliopiga. Jamsher alipaliwa, na mtu akampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Khonza aliinuka. Aliwatazama wote wawili, mmoja kisha mwingine, kuanzia kichwani kama anavyofanya mama, akashuka mpaka kwenye kitambaa chenye damu kavu, kilichokuwa kifupi mno.

"Mkono wake uko wapi, Panah?"

Panah Wali alitazama masinia.

"Mnaula, mama."

Bulbul aliinamisha kichwa, na hilo likawa ushahidi tosha.

"Alikuwa anawavua hawa," alisema Panah. Sauti yake ilikuwa imekwisha makali, amechoka. "Na sisemi kwa usafi. Jana nimemuua jike juu ya kiota chake, nikamla na mayai, nikaona tamu. Nimechoma mlango wa watu. Lakini nimemleta, mama. Tafuteni gari, ana homa."

Mtu alitoka mbio kutafuta gari. Mzee mmoja aliyekuwa na tonge mdomoni alibaki nalo hivyo hivyo, shavu limevimba, hajui ameze au ateme.

Khonza alitazama vidole vyake. Viling'aa mafuta. Hakuvifuta kwenye gauni. Aliinua mikono yote miwili juu, mbali na mwili wake, akaja kati ya watoto wake wawili, akawakumbatia kwa viwiko.